Bi Katalogi na Tabia Nne

Kwa jina la Mola aliyewaumba watu kwa udongo mmoja na asimfanye yeyote kuwa nakala ya mwenzake, tunasimulia leo maisha ya dada yetu, mama yetu na bibi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Katalogi. Jina hilo alilipenda kwa muda mrefu, kisha akalivumilia. Haya yanayosomwa hapa na kaka yake mkubwa aliyaagiza marehemu mwenyewe, pamoja na yale ambayo familia ingependelea yapite kimya kimya.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa nyuma ya shule ambamo baba yetu alifundisha lugha na maandiko. Mama yetu alikuwa mkunga. Nyumba hiyo haikukosa wageni: waliomtaka mama walikuja mbio, na waliomtaka baba walikuja polepole na hoja zao. Akiwa bado hajaanza shule, marehemu alijipa kazi ya kupanga viatu vya wageni mlangoni, naye hakuvipanga kwa ukubwa. Vilivyotupwa ovyo aliviweka upande mmoja, vilivyolinganishwa visigino upande mwingine, na vile ambavyo mwenye navyo alivivua huku bado anazungumza akavitengea kona yake. Wageni walipotoka, fujo ilikuwa si ndogo.

“Nani kanificha kiatu?” mjomba wetu mmoja alifoka siku moja.

“Hakijafichwa, mjomba. Kimepangwa.”

“Kimepangwa wapi?”

“Kwa wenye haraka.”

Mjomba alicheka hadi akakaa tena chini, na safari yake ikaahirika. Baba, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani, alimwita binti yake akamwonyesha kitabu cha tiba ya kale kilichokwisha kupoteza jalada, akamfundisha habari za tabia nne kama walivyozieleza matabibu wa zamani: damu, safura, balghamu na sauda. Kwa kuwa majina hayo yalikuwa mazito kwa mtoto, alimpa mengine mepesi. Mwenye damu nyingi ni upepo, mchangamfu, hashikiki. Mwenye safura ni moto, mwepesi wa hasira na wa kutenda. Mwenye balghamu ni maji, mtulivu, mzito wa kujibu. Mwenye sauda ni udongo, mwenye mawazo na huzuni. Baba hakuiacha elimu hiyo bila mpaka. Alimwambia kwamba tabibu wa kale alishika kwanza kifundo cha mkono wa mgonjwa, akasikiliza mapigo, ndipo akataja tabia. Marehemu aliyahifadhi majina manne siku ile ile. Habari ya kifundo cha mkono aliikumbuka akiwa mtu mzima, baada ya mambo kuharibika.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, ambako alikabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu na hakuurudisha hadi siku ya kuhitimu. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ukutubi, akatunukiwa stashahada mwishoni mwa mwaka uliofuata. Mwalimu wake mmoja alimwandikia kwamba ana kipaji cha kukiona kitabu na kujua mara moja kitakaa wapi. Sifa hiyo ilimfurahisha sana.

Januari 1974 aliajiriwa katika maktaba kuu ya mji, kwenye chumba cha katalogi, chumba chembamba chenye dirisha moja na makabati ya droo ndogo ndogo zilizojaa kadi za orodha ya vitabu. Mwaka 1986 aliteuliwa kuwa mkutubi mkuu. Alirithi jengo zuri na wafanyakazi waliokuwa hawasemezani. Msimamizi wa kaunta na mpanga kadi wa katalogi walikuwa wamegombana juu ya vitabu vinavyorudishwa na wasomaji: mmoja aliviharakisha virudi rafuni, mwingine alivizuia mezani mwake akivikagua ukurasa kwa ukurasa, na wasomaji wakabaki wakivizungukia kama watoto waliopoteza mama sokoni.

Hapo ndipo alipoitoa elimu ya baba kabatini. Alimwita kila mmoja peke yake. Msimamizi wa kaunta alielezwa kwamba mwenzake hafanyi kiburi, bali ni udongo, na udongo hauwezi kulala kabla haujahakikisha. Mpanga kadi naye alielezwa kwamba yule bwana hamdharau, bali ni moto, na moto ukizuiwa unaunguza kilicho karibu. Kisha akawatenganishia kazi: moto akapewa kuwafuatilia wasomaji waliokaa na vitabu kupita muda, udongo akapewa ukaguzi wa vilivyochakaa. Ugomvi wa miaka mingi ukaisha kwa namna iliyowashangaza wenyewe. Karani wa chumba cha watoto, mwanamke msemaji aliyetajwa kuwa upepo, alizieneza habari hizo jengo zima, na mezani pa chai ya asubuhi likazaliwa somo jipya la utani.

“Mwacheni msimamizi leo, moto umekosa kuni.”

“Na wewe upepo, funga dirisha lako hilo, tunapata mafua.”

“Lipi? Mdomo?”

“Mwenyewe umejua.”

Ilikuwa furaha ya kweli, na tungekosa uaminifu tukiisimulia kana kwamba ilikuwa na doa tangu mwanzo. Watu walianza kuvumiliana kwa sababu kila mmoja alipewa jina la kumwelewa mwenzake. Maktaba nyingine zilimwalika aje awafundishe wakubwa wao namna ya kuwajua wafanyakazi na kumweka kila mtu panapomfaa. Alisafiri, akafundisha, akapigiwa makofi.

Alikuwa ameolewa tangu tarehe 18 Agosti 1979 na mpima ardhi, mtu mrefu wa kelele na upendo mwingi. Mwenyezi Mungu aliwajalia binti na mwana. Mume wake naye hakuepuka kutajwa: aliambiwa ni moto mtupu. “Kama mimi ni moto,” alikuwa akilalamika mbele ya wageni, “mbona chai yangu kila siku ya baridi?” Waliishi pamoja kwa heshima na vicheko mpaka alipotangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Katika wafanyakazi wote, aliyempenda zaidi alikuwa mjalidi, yaani fundi wa kuvishona na kuvivika majalada mapya vitabu vilivyochakaa. Alikuwa mzee mpole mwenye vidole vilivyokaukiwa na gundi, asiyesengenya wala kulalamika. Ukimsalimu alichelewa kuitikia, au aliitikia kwa tabasamu. Ukimwita kutoka mlangoni aliendelea na uzi wake. Marehemu alimtaja kuwa maji safi, mfano bora kuliko wote aliopata kuwaona, na katika mafunzo yake alimsimulia mara kwa mara. Aliwaagiza wenzake wasimsumbue. “Mtu wa maji haitwi mara mbili,” alisema, na ikawa desturi ya ofisi. Kwa kumtakia mema, aliihamisha meza yake ya kazi chini ya jengo, karibu na ghala la magazeti na vitabu vikubwa, ili apate utulivu unaolingana na tabia yake.

Mwaka 1997 mke wa mjalidi, mshona mapazia, alifika kaunta akaomba kuzungumza na mkubwa wa kazi.

“Dada, samahani. Nina jambo, lakini si la kuvunja kikao.”

“Sema, shemeji. Hapa kwako.”

“Baba watoto siku hizi namwita haitiki. Niko jikoni, namwita, kimya. Nikimgusa bega anashtuka kama nimemmwagia maji.”

Marehemu alicheka, akamshika mkono akamketisha. “Shemeji, wewe umeolewa na maji yenyewe! Watu wa namna hii hawaitwi, wanangojwa. Hata sisi hapa hatumwiti.”

“Kwa hiyo si kwamba amenichoka?”

“Akuchoke wewe? Hata gundi yake haishiki kitabu anavyokushika wewe.”

Mama yule alitoka akiwa mwepesi. Hofu aliyokuwa nayo ilikuwa hiyo tu, kwamba mume wake amemchoka, nayo iliondolewa kwa kicheko na mtu mwenye elimu. Akaacha kumwita.

Rafu za ghala lile zilikuwa za kusukumwa. Zilipangwa zimebanana juu ya reli ili kuokoa nafasi, na kila moja ilikuwa na usukani pembeni. Ukiuzungusha, rafu nzima husogea na kufungua njia mahali pengine, ikifunga ile iliyokuwa wazi. Kwa hiyo kulikuwa na sharti moja ambalo kila mfanyakazi alifundishwa siku ya kwanza: kabla ya kugusa usukani, paza sauti useme “Kuna mtu?” Usipojibiwa, zungusha.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 10 Juni 1998, msomaji alihitaji magazeti ya zamani na mtunza ghala alikuwa mgonjwa. Marehemu alishuka mwenyewe. Akasimama penye usukani, akapaza sauti, “Kuna mtu?” Akangoja. Hakuna aliyejibu. Akazungusha. Rafu ilikwenda, kisha ikakwama. Ilikuwa kawaida kukwama kitabu kikidondoka relini, na kawaida yake ilikuwa kukaza mkono kidogo kitabu kisogee. Akakaza.

Mjalidi alikuwa amechuchumaa mle ndani, amekumbatia juzuu iliyochanika.

Alipelekwa hospitali akiwa hai, mbavu zimevunjika. Daktari alimaliza kumpima, akasogea nyuma ya kitanda kuandika, akamwuliza mgonjwa swali, akaliuliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akainua kichwa, akawatazama wanawake wawili waliosimama ukutani.

“Mzee huyu hasikii tangu lini?”

Marehemu alisimulia kwamba hakumtazama daktari. Alimtazama mke wa mjalidi, na mke wa mjalidi alikuwa tayari anamtazama yeye.

Mzee alisoma midomo kwa wale waliomkabili, na kwa njia hiyo aliweza kuzungumza kidogo. Siku ya tatu marehemu alikaa mbele yake akamwuliza kwa nini hakumwambia mtu yeyote. Alieleza kwamba usikivu ulipotea polepole sana. Kwanza sauti zilipungua, kisha watu nao wakapungua: walipita mlangoni pake bila kumwita, wakamhamishia chini, na hata nyumbani hakuitwa tena. “Nilidhani mmenisusa,” alisema. “Nikaona aibu kuuliza nimekosa nini.” Mbavu zilileta homa ya mapafu, na tarehe 2 Julai mwaka ule alifariki.

Kamati iliundwa, ikachunguza, ikaona kwamba sharti la ghala lilifuatwa kama lilivyo. Marehemu hakulaumiwa. Rafu ziliachanishwa na kufungwa makufuli zisisogee tena, na meza ya kujalidi ikarudishwa juu. Juu ya mazungumzo ya kaunta kamati haikuuliza, kwa kuwa waliokuwa wakiyajua walikuwa wawili tu, na wote wawili walinyamaza.

Tangu hapo hakumtaja tena mtu yeyote kuwa moto wala maji. Mialiko aliirudisha. Karani wa chumba cha watoto alipojaribu kuurudisha utani mezani, marehemu aliweka kikombe chini akatoka nje, na utani ukafa. Ghalani alishuka kila asubuhi kabla ya wengine, akapita katika kila uchochoro wa rafu akiangalia chini, kwa kimo cha mtu aliyechuchumaa. Wafanyakazi wapya waliogopa kumfuata. Walisema wakiwa ngazini walimsikia akizungumza, na baina ya maneno yake palikuwa na nafasi, kama za mtu anayesubiri zamu ya mwenzake.

Nyumbani hali haikuwa nyepesi. Aliweza kuwa jikoni na wanawe wakiwa sebuleni, akamwita mmoja wao.

“Naam, mama?”

“Basi. Nilikuwa naita tu.”

Akichelewa kuitikiwa alikuja mbio, mikono ikidondosha maji, akamgeuza mtoto amtazame usoni. Mume wake, mtu wa kelele, alijifunza kuimba bafuni ili ajulikane yupo. Alipokufa mume, nyumba ikanyamaza, na kimya hicho marehemu hakukipatia dawa. Siku moja alimwambia kaka yake, “Watu husema kimya ni pasipo na mtu. Mimi kila kimya nakiona kina mtu ndani, kainama.”

Alistaafu mwaka 2006. Alikutana na mjane wa mjalidi mara nyingi, dukani, hospitali, misibani. Walisalimiana kwa adabu, wakaulizana watoto. Swali moja lilimkaa marehemu kooni miaka yote hiyo: je, shemeji anaikumbuka siku ya kaunta? Kama anaikumbuka, basi anamjua aliyemfunga ulimi asimwite mumewe. Kama ameisahau, kumwuliza ni kumpelekea jeraha jipya kwa ajili ya kujipumzisha mwenyewe. Hakuwa na njia ya kujua bila kuuliza, na hakuwa na haki ya kuuliza.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kushindwa na kazi. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akalala ameegemea mito. Alitibiwa kwa uangalifu, na binti yake, ambaye ni muuguzi, alihamia kwake. Mwishoni mwa Oktoba 2023 madaktari walisema hakuna walichobakiza. Hapo ndipo alipomtuma binti amlete mjane wa mjalidi, na alimtaka binti abaki chumbani ili yatakayosemwa yawe na shahidi.

“Shemeji,” alianza, “kuna siku ulikuja kaunta...”

“Ulivaa kitambaa cha kijani,” akasema mjane.

Marehemu alifumba macho.

“Nilitoka pale nacheka peke yangu barabarani,” mjane akaendelea. “Mpaka mtu mmoja akaniuliza nimeokota nini.”

“Mbona kwenye kamati hukusema?”

“Ningesema nini? Ungeulizwa wewe, halafu ningeulizwa mimi. Mke gani hajui mume wake hasikii? Nilikuamini kwa sababu ulichosema kilinipendeza. Ungeniambia nimpeleke kwa daktari, labda ningekuchukia.”

“Na umenichukia?”

“Kuna miaka, ndiyo. Kuna miaka nilijichukia mwenyewe, wewe nikakusahau.”

“Nisamehe, shemeji.”

Mjane alinyoosha pindo la shuka, kama fundi anayekagua kazi ya mwingine. “Leo nimekusamehe,” alisema. “Kesho sijui. Nitakuja tuone.”

Akaja kesho yake. Alisimama mlangoni, akasema, “Leo pia,” kisha akaingia akakaa. Akaja na siku iliyofuata. Hawakuzungumza mengi, mara nyingine alileta mshono wake. Binti alieleza kwamba mama yake aliamka kila asubuhi akiwa na hofu ya wazi, akiutazama mlango, na kwamba hofu hiyo ilitulia pale tu maneno hayo mawili yaliposemwa. Yalimtosha kwa siku moja. Asubuhi ilipofika alikuwa hana kitu tena.

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, mvua ilinyesha tangu alfajiri na barabara ya kwa mjane ikajaa. Marehemu aliuliza saa, akauliza tena. Binti alimwambia kwamba mgeni atafika, ni mvua tu. Saa nne kasoro dakika chache, akiwa ameugeukia mlango, pumzi yake ilisita na haikurudi.

Mjane alifika mchana, nguo zimelowa hadi magotini. Aliambiwa mlangoni. Aliomba aingie peke yake, akafungiwa mlango. Alikaa humo kwa muda, kisha akatoka, akaomba kanga kavu, akaingia jikoni kusaidia kazi. Hakutuambia alisema nini, wala kama alisema, nasi hatukumwuliza. Maelezo haya alisomewa kabla hayajachapwa, akayaridhia, akasahihisha jambo moja: tulikuwa tumeandika kwamba kitambaa cha siku ile kilikuwa cha buluu.

Marehemu ameacha binti na mwana, mkwe mmoja wa kike, wajukuu watano, kaka yake mkubwa na mdogo wake wa mwisho, pamoja na wafanyakazi wa maktaba aliowalea kazini, ambao leo wamelibeba jeneza lake. Mjane wa mjalidi ameketi pamoja na familia, katika kiti alichokichagua mwenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu, ambaye peke yake alikuwemo chumbani na mjane mchana ule na kusikia kilichosemwa au kisichosemwa, ampokee mja wake kwa rehema, na ampe utulivu ambao hapa duniani aliupata kwa siku moja moja. Amina.